Mali Bila Daftari: Uhakiki wa Makazi ya Programu Huria za Kiswahili

Utangulizi

Katika idara zetu za Kiswahili, kazi ya kuswahilisha programu za kompyuta huhakikiwa zaidi kwa upande wa maneno. Tunauliza kama neno ni sanifu, kama limeundwa kwa kufuata kanuni za uundaji wa istilahi, na kama mtumiaji wa kawaida atalielewa. Maswali hayo ni ya lazima. Hata hivyo, ni nadra kuuliza maneno hayo yamewekwa wapi, nani anashika ufunguo wa mahali hapo, na siku mahali hapo pakifungwa kitabaki nini mikononi mwetu.

Swali hili limekuwa na uzito zaidi katika miaka ya karibuni. Watunzi wa baadhi ya programu huria wameanza kuzihamisha kazi zao kutoka katika huduma za makampuni makubwa, hasa GitHub, na kuzipeleka katika huduma zinazoendeshwa na jumuiya ya watumiaji wenyewe. Mfano unaojulikana sana ni ule wa lugha ya programu iitwayo Zig, ambayo mwezi Novemba 2025 ilitangaza kuhamia Codeberg, huduma inayomilikiwa na chama cha wanachama huko Berlin, Ujerumani. Mjadala wa uhamisho huo umeendeshwa na wahandisi. Makala haya yanadai kwamba walimu na wanafunzi wa Kiswahili nao wanahusika, tena kwa sababu ambayo wahandisi hawaitilii maanani sana: msimbo huhama kwa urahisi, lakini mazungumzo yaliyozaa maneno yake hayahami kwa urahisi huo. Kwa lugha, mazungumzo hayo ndiyo mali.

Tutaanza na istilahi zenyewe, kisha tutaangalia kisa cha Jambo OpenOffice, tabia za wenye nyumba, na hali halisi ya nyumba ya ushirika. Mwishoni tutaipima hoja kwa msemaji aliye mbali na vyuo vyetu, yule wa Puta kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia.

Huria, bure na kodi

Kiingereza kimewasumbua watetezi wa programu hizi kwa miongo mingi, kwa kuwa neno moja katika lugha hiyo lina maana ya kitu kisicholipiwa na pia kitu kisichofungwa minyororo. Tangu Richard Stallman aanzishe mradi wa GNU mwaka 1983, na shirika la kutetea programu hizo mwaka 1985, maelezo yamelazimika kurudiwa kila mara: kinachodaiwa ni haki ya mtumiaji kuitumia programu kwa jambo lolote, kuichunguza na kuirekebisha, kuisambaza, na kuisambaza ikiwa imerekebishwa. Bei ni suala jingine. Kiswahili hakina tatizo hilo. Tunalo neno bure na tunalo neno huru, na haviingiliani. Waliochagua istilahi ya programu huria walituepusha na mkanganyiko mkubwa.

Hata hivyo, istilahi hiyo ina mambo mawili ya kuhakikiwa. Kwanza, huria ni neno lililokwisha kuwa na historia yake. Kwa msomaji wa Tanzania aliyekuwa mtu mzima katika miaka ya 1980 na 1990, huria ni soko huria na biashara huria, yaani kipindi ambacho mashirika ya umma yaliuzwa na bei zikaachwa zijipange zenyewe. Kwa wengine, huria ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na hapo maana yake ni mlango ulio wazi. Msomaji anayekutana na programu huria kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni programu za wafanyabiashara wasiodhibitiwa, au programu za kujisomea nyumbani.

Pili, Kiingereza kina kambi mbili zinazosigana. Ipo inayotetea uhuru wa mtumiaji, na ipo iliyojitenga mwaka 1998 kwa kusisitiza faida za kiutendaji za msimbo ulio wazi. Kiswahili kinazungumzia programu huria na chanzo huria, na kivumishi kile kile kimeziweka kambi zote mbili katika kapu moja. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba hilo ni kosa la kusahihishwa. Ni tukio la kiisimu linalostahili kuandikwa, kwa kuwa lugha yetu ilipatanisha ugomvi ambao wenyewe hawajaumaliza. Lakini nani aliyelipendekeza huria kwa mara ya kwanza, kwa hoja gani, na ni maneno gani yaliyokataliwa? Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya swali hili atapata shida kubwa kuupata ushahidi. Suala hili tutalirudia.

Istilahi ya tatu ni msimbo. Vijana wengi wanaoandika programu wanapendelea kulitohoa neno la Kiingereza na kusema kodi. Tatizo ni kwamba kodi ana kazi zake tayari: kodi ya mapato, kodi ya kichwa, kodi ya nyumba. Msimbo ni neno bora kwa maana hauligongi lingine. Lakini kugongana huko kuna somo ndani yake. Anayeweka msimbo wake katika huduma ya kampuni haombwi kodi ya fedha mwishoni mwa mwezi, na kwa sababu hiyo husahau kwamba yeye ni mpangaji.

Kisa cha Jambo OpenOffice

Mwishoni mwa mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka na kukokotolea majedwali iliyoswahilishwa chini ya mradi wa Kilinux. Mradi huo uliwakutanisha wataalamu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT +46 ya Uswidi. Ilikuwa hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza karani, mwalimu au mwanafunzi angeweza kufungua programu kamili ya ofisi na kukuta maagizo yake yote kwa Kiswahili, tena bila kulipia leseni.

Jina lenyewe lilikuwa na walakini. Jambo, likisimama peke yake kama salamu, ni Kiswahili cha mgeni aliyeshuka kwenye ndege. Mwenyeji husema hujambo, akajibiwa sijambo. Hata hivyo, jambo kwa maana ya shauri au shughuli ni neno letu kamili, na mtu mwenye moyo mzuri anaweza kulisoma jina hilo kwa maana hiyo. Tusikae sana hapo, kwani jambo zito liko kwingine.

Jambo OpenOffice ilikuwa mtoto wa OpenOffice.org, na OpenOffice.org ilikuwa na mwenye nyumba. Kampuni ya Sun ya Marekani iliinunua kampuni ya Kijerumani iliyotunga programu hiyo mwaka 1999, ikaufungua msimbo wake mwaka 2000, na ikaendelea kuwa mlezi wa mradi. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walitafsiri, walirekebisha na walijaribu, lakini seva, jina na alama ya biashara vilikuwa vya Sun. Mwezi Januari 2010 Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle. Waliokuwa wakijitolea waliona kwamba mwenye nyumba mpya hana mapenzi na mradi wao. Tarehe 28 Septemba 2010 wengi wao walitangaza kuanzisha The Document Foundation, wakauchukua msimbo kwa haki waliyopewa na leseni, na wakauita LibreOffice. Jina la zamani hawakuruhusiwa kuondoka nalo. Oracle ililikabidhi jina hilo pamoja na msimbo kwa wakfu wa Apache mwaka 2011, na mwaka 2012 The Document Foundation ikasajiliwa rasmi huko Berlin.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwa hoja yetu. La kwanza ni la kutia moyo. Leseni huria ilifanya kazi yake: mwenye nyumba alibadilika, wapangaji wakahama na vyombo vyao. Leo msimbo wa LibreOffice uko katika seva za wakfu wenyewe, mapendekezo ya mabadiliko hukaguliwa huko, na tafsiri hufanywa huko kwa kutumia Weblate, programu ambayo nayo ni huria. Kilichopo GitHub ni nakala tu. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake kwa alama ya sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Huu ni uhamisho wa kwenda nyumba ya jumuiya uliotokea miaka mingi kabla jina la Codeberg halijasikika, na Kiswahili kilikuwamo ndani ya safari hiyo.

La pili linahuzunisha. Anayefungua leo faili ya tafsiri ya programu kama hii ataona sentensi ya Kiingereza juu na ya Kiswahili chini yake. Ataona faili, lakini hataona kwa nini halikuwa jalada. Ataona kompyuta na hataambiwa kama ngamizi na tarakilishi yalijadiliwa, nani aliyetetea lipi na kwa sababu gani. Ataona nywila au nenosiri, na kama ni nywila, huenda asijue limetoka wapi. Neno limefika salama, hoja zake zimebaki njiani. Hoja hizo zilikuwa katika barua pepe, katika mikutano na katika kurasa za mradi ambazo maisha yake hutegemea ufadhili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upande wetu hali ni ngumu zaidi: mali ipo, daftari ndilo lililopotea, na kwa hiyo kila kizazi cha watafsiri huanza mjadala upya kana kwamba hakuna aliyewatangulia.

Tabia za wenye nyumba

Inafaa kusema kwa haki kwamba huduma za makampuni zimewafaa watu wengi. SourceForge ilipofunguliwa mwaka 1999, mradi mdogo usio na fedha ulipata mahali pa kuweka msimbo wake bila malipo. GitHub, iliyoanza mwaka 2008, ilirahisisha zaidi kazi ya kushirikiana. Kundi la Masakhane, linaloshughulikia teknolojia za lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo, limefanya kazi yake huko tangu 2019 na limewakutanisha vijana wa nchi nyingi ambao vinginevyo wasingejuana. Mwanafunzi anayetafuta ajira naye anajua kwamba mwajiri atatazama kazi zake huko kwanza.

Lakini historia ya nyumba za kupanga ni fupi na imejaa notisi. Google Code ilifunguliwa mwaka 2006 na ikafungwa mwaka 2016. Gitorious ilifungwa mwaka 2015. Mwaka huo huo SourceForge ililalamikiwa kwa kufungasha matangazo pamoja na programu ya watu wengine, GIMP, iliyokuwa imehifadhiwa kwao. Mwaka 2018 Microsoft iliinunua GitHub kwa Dola za Marekani bilioni 7.5. Mwaka 2019 watunzi wa programu walioko Iran, Syria na Crimea walijikuta wamezuiwa kutumia sehemu ya huduma hiyo kutokana na vikwazo vya serikali ya Marekani. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Kosa lao lilikuwa anwani. Mwaka 2021 msimbo uliokuwa wazi katika GitHub ulitumika kuifundisha mashine ya kuandika msimbo, na wengi walilalamika kwamba hawakuulizwa.

Kuna kejeli katika jambo hili. Git, mfumo unaotumiwa na huduma zote hizi, ulitungwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa sababu kampuni iliyokuwa ikiwapa watunzi wa Linux chombo cha kazi bila malipo iliiondoa ruhusa hiyo. Kwa hiyo Git ulijengwa ili kila mshiriki awe na nakala kamili ya kazi, historia yote ikiwamo, na asimtegemee yeyote. Miaka michache baadaye watumiaji wake walikusanyika tena chini ya paa la kampuni moja. Nakala ya msimbo kila mtu anayo. Kilicho chini ya paa hilo peke yake ni daftari la hitilafu na mapendekezo, pamoja na mabishano yote yaliyomo.

Hilo lilionekana wazi Zig ilipohama mwaka 2025. Msimbo na historia yake vilihamishwa bila taabu. Daftari la zamani liliachwa kule kule GitHub, na jipya likafunguliwa Codeberg. Kwa mradi wa kihandisi huo ni uamuzi unaoeleweka, kwa kuwa hitilafu iliyokwisha kurekebishwa haina haja ya kusomwa tena. Kwa mradi wa istilahi, mjadala uliokwisha ndio unaohitaji kusomwa zaidi.

Nyumba ya ushirika

Codeberg ilianzishwa mwaka 2018 kama chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin. Wanachama wake hulipa ada, huchagua viongozi na hupiga kura juu ya mambo makubwa. Huduma hutolewa bila malipo kwa miradi yenye leseni huria. Programu inayoiendesha ni Forgejo, nayo ina kisa chake: mwaka 2022 wasimamizi wa Gitea, programu iliyotangulia, waliunda kampuni ya biashara, na sehemu ya jumuiya ikahofia yale yale yaliyotokea kwingine, ikajitenga na kuendeleza tawi lake. Forgejo ina uwezo wa kuvuta kutoka GitHub msimbo pamoja na daftari la hitilafu na maoni yake. Majina ya waliotoa maoni huja yameandikwa tu, bila kuunganishwa na akaunti zao, lakini maneno yao huja. Hiyo ni faida ambayo mradi wa istilahi haupaswi kuiacha.

Je, hili latosha kusema kwamba uhamisho ni jambo jema daima? Msomaji wa Afrika Mashariki anajua ushirika kwa karibu kiasi cha kutodanganywa na neno. KNCU ya Kilimanjaro ilisajiliwa mwaka 1933, na wakulima wa kahawa waliona manufaa yake. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na ilihitajika sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha. Vilivyorudi havikuwa na nguvu zile zile. Ushirika unaweza kufa kwa amri kutoka nje, na unaweza kufa kwa uzembe kutoka ndani, pale wanachama wanapoacha kusoma hesabu na kuhudhuria mikutano. Codeberg haina kinga dhidi ya maradhi haya. Inategemea michango na watu wa kujitolea, imewahi kuzidiwa na mashambulizi ya mtandaoni, na iko chini ya sheria za nchi moja kama zilivyo huduma nyingine. Ada yake huhesabiwa kwa Euro, na hilo si jambo dogo kwa mwanafunzi wa Morogoro au Lubumbashi.

Tofauti iliyopo ni moja, nayo ina uzito. Mpangaji wa kampuni akiona jambo baya hana la kufanya isipokuwa kuhama. Mwanachama wa chama anaweza kusimama mkutanini. Lakini haki hiyo ni ya anayejiunga, wala haimhusu anayetumia tu. Miradi mingi inayohamia huko inahama kama mgeni, inaweka vyombo vyake, na haichangii fedha, tafsiri wala kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uhamisho usioambatana na jembe ni kubadilisha mwenye nyumba tu.

Kipimo cha Puta

Hadi hapa tumezungumzia Dar es Salaam na Berlin. Tuipime hoja kwa mahali ambapo Kiswahili kinatumika bila kuwa na idara wala baraza la kukisemea.

Puta ni eneo la Chifu Puta wa Wabwile, kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Mweru, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia. Kusini yake ufuko unaelekea Nchelenge na Kashikishi. Ng'ambo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Pweto kaskazini, mahali ambapo mto Luvua unatoka ziwani, na mji wa Kilwa upande wa magharibi. Ndani ya ziwa, upande wa Zambia, kuna kisiwa ambacho nacho chaitwa Kilwa, jina linalokumbusha njia za biashara za kutoka pwani. Wabwile wako pande zote mbili za mpaka. Kongo inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake nne za taifa. Zambia ina lugha saba za wenyeji zinazotumika rasmi shuleni na redioni, na Kiswahili hakimo. Hata hivyo kimo sokoni na mitumbwini. Idadi ya wasemaji wake iliongezeka baada ya mapigano ya mwaka 2017 huko Kongo, pale maelfu ya wakimbizi walipovuka mpaka, wakapokelewa katika kituo cha Kenani na kisha, kuanzia 2018, katika makazi ya Mantapala wilayani Nchelenge.

Tuchukulie mchuuzi wa chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, mwenye simu mkononi na Kiswahili alichokipata Pweto. Akitaka kuchagua lugha ya programu anakuta Kiswahili kimegawanywa kwa nchi. Orodha ya kimataifa ya CLDR, ambayo programu nyingi huitegemea, ina Kiswahili cha Tanzania, cha Kenya, cha Uganda na cha Kongo. Cha Zambia hakipo. Akichagua kile cha Tanzania anakuta istilahi zilizotoholewa kutoka Kiingereza au kuundwa vyuoni, ilhali maneno yake ya mashine na ofisi aliyachota kwa Wakongomani walioyachota kwenye Kifaransa. Neno kupakua huenda likamfaa bila maelezo, maana shehena na chakula vyote hupakuliwa. Neno nywila litamsimamisha.

Mtu huyu anawezaje kusikika? Hapo ndipo makazi ya mradi yanapokuwa suala la lugha. Programu ikiwa ya kampuni, atatuma maoni katika kisanduku na hatajua yamekwenda wapi. Mradi ukiwa huria na daftari lake likiwa wazi, yeye au mwalimu wa shule ya Mantapala anaweza kuandika kwamba neno fulani halieleweki huku, na kupendekeza jingine. Pendekezo lake likikataliwa, sababu itaandikwa na kubaki. Miaka kumi baadaye mtafiti atakuwa na ushahidi wa jinsi msemaji wa Mweru alivyokiona Kiswahili cha Dar es Salaam. Daftari hilo likifungwa na mwenye nyumba, au likiachwa nyuma wakati wa kuhama, sauti yake itakuwa imefutwa mara mbili: mara moja na orodha isiyo na Zambia, mara ya pili na uhamisho.

Tusidhani kwamba mambo haya yako mbali na ufuko huo. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi Zambia, na takwimu za afya za nchi hiyo hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika pia Tanzania na Kenya. Msimbo wa DHIS2 ulikuwa Launchpad, nyumba ya kampuni ya Canonical, kabla ya kuhamishiwa GitHub. Kwa hiyo chombo kinachohesabu wagonjwa wa Nchelenge kimekwisha kuhama nyumba angalau mara moja, na mara zote mbili mwenye nyumba alikuwa kampuni. Si lazima kila mradi mkubwa ukimbilie Codeberg kesho. Lililo la lazima ni kwamba wanaoutumia wajue uko wapi.

Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuhamisha mradi wa programu huria kwenda nyumba ya jumuiya ni jambo la manufaa likifanywa kwa macho mawili: moja kwenye msimbo, jingine kwenye daftari. Kwa wanafunzi na walimu wetu wanaoshiriki katika kazi hizi, tunapendekeza yafuatayo.

Mosi, hoja za istilahi ziandikwe ndani ya mradi wenyewe na zisiachwe katika mazungumzo ya pembeni. Faili za tafsiri za aina ya PO zinaruhusu mistari ya maelezo inayoanza na alama ya reli. Mstari mmoja unaosema neno gani lilikataliwa, kwa nini, na tarehe gani, utasafiri na neno hilo popote litakapokwenda. Kazi hii haihitaji fedha wala ufadhili.

Pili, mradi unapohama, uhame na daftari lake lote, hata kama wahandisi wanaliona ni mzigo. Na kabla ya kuhama, nakala iwekwe katika maktaba ya idara au ya chuo.

Tatu, makazi makuu yawe ya jumuiya, na nakala ibaki GitHub kwa ajili ya kuonekana, kama ifanyavyo LibreOffice. Mwanafunzi hatapoteza nafasi ya kuonwa na mwajiri, wala mradi hautapoteza uhuru wake.

Nne, idara ijiunge katika chama kama taasisi, badala ya kumwachia kila mwanafunzi mzigo wa Euro, na impe mtu mmoja jukumu la kuhudhuria mikutano na kusoma hesabu. Pale ambapo ada haiwezekani, kuna tafsiri ya Forgejo yenyewe, ambayo ni jembe lililo karibu nasi kuliko mengine yote.

Tano, watafsiri wa Kiswahili wafungue mlango kwa wasemaji walio nje ya alama za nchi nne. Kuomba kwamba Kiswahili cha Zambia kitambuliwe katika orodha za kimataifa ni hatua ndefu inayohitaji data na uvumilivu. Kuandika katika ukurasa wa kwanza wa mradi kwamba maoni ya msemaji yeyote wa Kiswahili yanakaribishwa, awe wa Mombasa, wa Bukavu au wa Puta, ni kazi ya dakika tano.

Mjadala wa faili na jalada haujaisha, na pengine hautaisha. Tunachoomba ni kwamba atakayeuendeleza mwaka 2045 aweze kusoma tuliyoyasema sisi.